Kuchagua kemshafti ya pikapu ya V8: sauti uipate, na trela livutike

Kijana mmoja hapa Houston alinitumia ujumbe wa sauti wa sekunde 12. Hakutamka neno. Ilikuwa injini ya V8 tu, yaani ya silinda nane, gari limesimama, inasuasua: dum, dum-dum, dum, kama inayotaka kuzimika halafu inaghairi. Chini yake akaandika, "Kaka, nataka hii." Nikamuuliza gari lake linafanya kazi gani. Akajibu: Chevrolet Silverado ya 2004, lita 5.3, siku sita kwa wiki linavuta trela la mashine za kukata majani.

Kwangu mimi swali la kazi ndilo la kwanza, japo najua hakuna anayenipigia simu kwa ajili yake. Sauti ile inatoka kwenye kemshafti, fimbo ya ndani ya injini inayofungua na kufunga valvu, na inapatikana kwa njia mbili. Njia moja inalifanya gari lizubae kila likiondoka kwenye taa na trela nyuma. Nyingine inakupa mngurumo unaokaribiana na ule, na nguvu ya chini inabaki. Tofauti huioni kwenye video wala kwenye jina la kemshafti. Imeandikwa kwenye kadi ndogo inayokuja ndani ya boksi, na kuisoma kunataka kujumlisha na kutoa tu.

Mmarekani akisema "truck" mara nyingi anamaanisha pikapu, si Fuso. Hapa nazungumzia pikapu za General Motors (GM) zenye V8 za ukoo wa LS, zilizoanza kufungwa kwenye pikapu mwaka 1999 kwa ukubwa wa lita 4.8, 5.3 na 6.0. Zimejaa kwenye yadi za magari chakavu, na kemshafti zake za kununua ni nyingi mno. Hata kule Ghuba, jamaa wanaozipachika kwenye Nissan Patrol ili wapande matuta ya mchanga wanasoma kadi hizihizi.

Ijue injini yako kabla ya kutoa hela

Soma namba ya chasi iliyo chini ya kioo cha mbele, upande wa dereva. Herufi ya nane ndiyo inayotaja injini. T ni 5.3 iitwayo LM7. Z ni 5.3 inayokubali ethanoli, yaani L59. V ni 4.8, U ni 6.0 ya LQ4, na N ni 6.0 ya LQ9. Zote hizo ni kizazi cha tatu, na kama yako imo humo, umebahatika: kazi yako ni nyepesi.

Kizazi cha nne, kilichoenea kuanzia 2007, kina mitego. 5.3 nyingi za kizazi hicho zina mfumo wa kuzima silinda nne, yaani 1, 4, 6 na 7, gari likiwa halina kazi nzito. Tapeti za silinda hizo, yaani vipande vinavyonyanyuliwa na kemshafti, ni za aina yake na hazipatani na kemshafti ya kawaida. Ukitaka kuibadilisha, lazima ufungue silinda hedi zote mbili, ubadilishe tapeti na vishikio vyake, uweke mfuniko mwingine katikati ya bloku, gasketi mpya za hedi na bolti mpya za hedi, kisha mfumo uzimwe kwenye kompyuta. Kazi ya wikiendi inageuka kuwa ya wiki. Nimeona watu wananunua kemshafti kwanza halafu ndiyo wanagundua hili.

Kitu cha pili ni sensa. Kizazi cha tatu husoma mkao wa kemshafti kutoka kwenye duara lililo mwisho wake wa nyuma. Kizazi cha nne husoma kutoka kwenye gia ya mbele. Gia yenyewe huweza kushikwa na bolti tatu au bolti moja. Muulize muuzaji mambo hayo mawili kabla hajafunga boksi. Na kama gari lako ni la 2014 au zaidi, lenye mafuta yanayopigwa moja kwa moja ndani ya silinda, kemshafti yake inaendesha pia pampu ya mafuta ya presha kubwa. Hiyo ni habari nyingine kabisa, usiitafutie majibu humu.

Kusoma kadi

Kemshafti ni fimbo yenye nundu. Nundu inanyanyua tapeti, tapeti inasukuma fimbo ya roka, roka inakandamiza valvu ifunguke. Kadi inakueleza umbo la nundu hizo.

Chukua ya kiwandani ya LM7. Muda wa kufunguka ni digrii 190 kwa valvu za kuingiza na 191 kwa za kutolea moshi. Hizo ni digrii za mzunguko wa krenki, fimbo kuu inayozungushwa na pistoni, zikihesabiwa tangu tapeti inaponyanyuka inchi 0.050, yaani milimita 1.27, hadi inaporudi hapo. Angalia sana hilo la 0.050. Kadi nyingi zina namba ya pili kubwa zaidi, iliyopimwa tangu nundu inapoanza tu kugusa kazi, na matangazo hupenda kuichapa hiyo kwa herufi nene. Ukilinganisha kemshafti mbili, linganisha 0.050 kwa 0.050.

Kimo ni inchi 0.457 na 0.466 pale kwenye valvu. Roka za LS zinazidisha kimo cha nundu mara 1.7, ndiyo maana nundu yenyewe ukiishika mkononi inaonekana ndogo kuliko unavyotarajia. Kimo kikubwa hakina sauti. Nitarudia: kimo hakina sauti. Kinaongeza hewa, na kinazitesa springi.

Halafu kuna herufi LSA, pembe kati ya kilele cha nundu ya kuingiza na kilele cha nundu ya kutoa. Ya kiwandani ni 114. Mwisho kuna ICL, mahali kilele cha nundu ya kuingiza kinapokaa ukilinganisha na pistoni. Kadi isipoitaja, chukua LSA utoe digrii ambazo kemshafti imesogezwa mbele. Kwa hiyo kemshafti iliyoandikwa 112+4 ina ICL ya 108.

Sauti inatoka wapi

Watu huchanganya sauti mbili. Kuna mngurumo wa V8 yenyewe, na kuna kusuasua.

Mngurumo uko hata kwenye gari lisiloguswa. LS inawasha kwa mpangilio wa 1-8-7-2-6-5-4-3, na silinda za namba witiri ziko kushoto, za shufwa kulia. Ufuatilie kwa kidole: kushoto, kulia, kushoto, kulia, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kisha unaanza tena kushoto. Mara mbili katika kila duru upande mmoja unapiga mara mbili mfululizo. Huo ndio ule mdundo usio sawa unaousikia kwenye ekzosi. Ukiutaka ukue, shughulikia mabomba na boksi la ekzosi, usiguse kemshafti.

Kusuasua ndiko kunakotoka kwenye kemshafti. Kuna kipindi kifupi valvu ya kutolea moshi haijafunga na ya kuingiza imeshaanza kufunguka. Wanapishana mlangoni: mmoja anatoka, mwingine anaingia. Injini ikizunguka kwa kasi mpishano huo unasaidia, kwa sababu moshi unaotoka mbio unavuta hewa mpya nyuma yake. Ikiwa sailensi, yaani inazunguka taratibu na gari limesimama, mambo yanageuka. Ndani ya manifoldi ya hewa kuna ombwe, yaani mvuto wa hewa, basi moshi unarudi nyuma unaingia huko na kuchanganyika na hewa safi. Silinda moja inapata mchanganyiko mchafu na inawaka kivivu, au haiwaki kabisa. Inayofuata inapata msafi na inapiga kwa nguvu. Dum, dum-dum, dum. Sauti ambayo watu wanailipia hela ni injini inayokosea kidogo kuwaka, kwa makusudi.

Ukilielewa hilo, gharama zake zote zinajieleza. Ombwe linapungua, na busta ya breki, inayolainisha kanyagio, inalitegemea. Hewa isiyowaka inapita hadi kwenye sensa ya oksijeni, kompyuta inadhani mafuta ni machache na kuyaongeza, na wewe unanusa petroli kila ukisimama. Petroli isiyowaka inaenda kuichoma katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi.

Hesabu mbili

Ya kwanza ni ya sauti. Jumlisha muda wa kuingiza na wa kutoa, gawa kwa 2, kisha toa LSA mara mbili. Ya kiwandani: 190 na 191 ni 381, nusu yake 190.5, toa 228, unabaki na −37.5. Hasi haimaanishi hazipishani kabisa, ila zikifika 0.050 hazikutani. Kwa sikio langu, kwenye 5.3, chini ya −15 jirani hatajua umebadilisha kitu. Kati ya −10 na −3 mtu anayependa magari atageuza kichwa. Kuanzia 0 hadi +5 watageuka wote. Ukivuka +8 kwenye gari la kazi utanikumbuka kwenye foleni. Na injini ndogo husikia zaidi: kemshafti ileile kwenye 4.8 inasuasua kuliko kwenye 6.0.

Ya pili ni ya nguvu ya chini, nayo ndiyo watu huiruka. Chukua muda wa kuingiza, gawa kwa 2, jumlisha ICL, toa 180. Jibu ni digrii ngapi baada ya pistoni kufika chini ndipo valvu ya kuingiza inafunga. Ikichelewa kufunga, pistoni inaanza kupanda huku mlango uko wazi, na kwa mwendo mdogo inairudisha nje hewa iliyokwisha kuingia. Kompresheni inapotea, na trela linakuwa zito.

Sasa weka kemshafti tatu mezani.

Ya kwanza ni 212/218, muda wa kuingiza kwanza kisha wa kutoa, kwenye LSA ya 112+4. Mpishano wake ni 215 kutoa 224, yaani −9. Valvu inafunga digrii 34. Hii ni kemshafti ya mtu mzima: inavuta vizuri, inasikika kidogo.

Ya pili ni 212/218 hiyohiyo, ila kwenye 107+2. Mpishano ni 215 kutoa 214, yaani +1. Valvu inafunga digrii 31. Umesoma vizuri: sauti imepanda sana na valvu inafunga mapema zaidi.

Ya tatu ni 228/230 kwenye 112, vipimo vya ile Elgin E-1840-P ambayo mtaani inaitwa Sloppy Stage 2. Mpishano ni +5. Ikifungwa bila kusogezwa mbele, valvu inafunga digrii 46. Kwa gari jepesi lenye turbo, au la mashindano ya mbio fupi, hela yake inalipa. Kwa Silverado yenye trela, ile sauti ya sekunde 12 utaifurahia ukiwa umesimama tu.

Kwa hiyo muda mfupi na LSA iliyobana ndiyo njia ya mtu anayetaka sauti na bado anafanya kazi na gari. Kemshafti iitwayo Truck Norris, ya kampuni ya Brian Tooley Racing, imetengenezwa kwa wazo hilo, na ndiyo maana imependwa. Ila isiwe kana kwamba nauza. LSA ikibana, nguvu inajikusanya katikati na huisha mapema juu. Ukiendesha polepole kwenye maegesho, karibu mizunguko 1,200 kwa dakika, gari hurusharusha kichwa kama punda aliyechoka. Tyuni nzuri ya kompyuta inapunguza hilo, haiondoi.

Kijana wangu alichukua ya pili. Kama angeniambia anavuta trela kubwa la boti kupanda milima, ningempa ya kwanza na kumwambia sauti akaitafute kwenye ekzosi.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya taifa ya hewa safi inakataza kuchezea vifaa vya moshi kwenye gari la barabarani, na California wanataka kifaa kiwe na namba ya idhini ya CARB, idara ya hewa ya jimbo hilo. Hapa kaunti ya Harris, ilipo Houston, gari la petroli la miaka 2 hadi 24 hupimwa moshi kila mwaka. Jua kwenu wanapimaje kabla ya kufungua bolti ya kwanza.

Vinavyoandamana nayo

Kemshafti haiji peke yake. Springi za kiwandani za pikapu zinavumilia kimo cha takriban inchi 0.500, zikiwa mpya. Za gari lililotembea maili 180,000 siziamini hata kwa kimo cha kiwandani. Kuna kemshafti zinazouzwa kwa sifa ya kutohitaji springi mpya, na kweli kimo chake kiko hapo 0.500, lakini mimi springi nabadilisha daima, pamoja na sili za valvu. Springi ikilegea, valvu haifuati nundu injini ikienda kasi, na ikikutana na pistoni umemaliza injini.

Fimbo za roka nunua zilizo imara, urefu wa kawaida ukiwa inchi 7.400, ila pima kwanza: silinda hedi ikiwa imewahi kukatwa, urefu unabadilika. Roka za kiwandani ni nzuri, tatizo ni beringi zake za sindano. Sindano zile hazina kizuizi, zikitoka zinaanguka kwenye oili. Kuna seti za kuziwekea bushi, na kazi yake unaifanya mezani kwa vaisi.

Cheni mpya ya taimingi, gasketi na sili ya mbele, pete ya mpira ya bomba linalonyonya oili kwenye sampu, na bolti mpya ya puli ya krenki. Hiyo bolti haitumiki mara mbili. Ya zamani usiitupe lakini, utaihitaji, nitaeleza.

Kuhusu tok konvata, kiungo cha oili kati ya injini na gia boksi ya otomatiki: ya kiwandani inatosha kwa kemshafti mbili za mwanzo. Ya tatu inataka inayoshika kwenye mizunguko 2,800 au zaidi, la sivyo gari linaondoka kama limefunga breki ya mkono. Ukiweka konvata ya namna hiyo na unavuta mzigo, ongeza na rejeta ya oili ya gia boksi, maana joto litakuwa jingi.

Kama hedi zimekatwa au umechagua kemshafti kubwa, pima nafasi kati ya valvu na pistoni. Bandika plastisini juu ya pistoni, zungusha krenki kwa mkono duru mbili kamili, fungua, kata kwa wembe, pima unene pale palipobonyea zaidi. Usishuke chini ya milimita 2 kwa valvu ya kuingiza na 2.5 kwa ya kutoa. Kinacholeta ajali hapa mara nyingi ni muda na ICL, si kimo, kwa sababu pistoni na valvu hukutana wakati wa mpishano, kabla kimo hakijafika kileleni.

Kufunga

Injini iwe ya baridi. Toa waya wa betri, mwaga maji, toa feni, rejeta, mkanda na pampu ya maji. Fungua mifuniko ya juu, toa koili na plagi, legeza roka zote. Zipange kwenye kadibodi uliyotoboa kwa namba, kila moja irudi kwake.

Bolti ya puli ya krenki inakataa. Usiipige nyundo. Mtu mmoja azuie gia ya flaiwili kwa kifaa chake, mwingine avute kwa bomba refu. Puli yenyewe hutoka kwa pula ya miguu mitatu. Baada yake unafungua kava ya mbele, unaona cheni, na mbele ya gia ya krenki kuna pampu ya oili.

Kabla hujatoa gia, na roka pamoja na fimbo zake zikiwa zimeshatoka, zungusha kemshafti duru mbili. Nundu zitazisukuma tapeti zote juu, na vishikio vya plastiki vitazibana huko. Ukitega sikio unazisikia zikikaa: tik, tik. Hapa ndipo moyo unapodunda. Plastiki ya miaka 20 imelegea, na tapeti moja ikianguka mahali pa kemshafti, utatoa sampu au silinda hedi. Mimi iliniangukia ya silinda ya 7, usiku, kwa sababu nilijiambia vishikio vinaonekana vizima. Tangu siku hiyo natumia fimbo mbili ndefu nyembamba, kama milimita 8, zinazopita kwenye matundu mawili yaliyo juu ya kemshafti, kushoto na kulia, zikizishika tapeti kwa chini. Kuna seti zinauzwa kwa kazi hiyo. Kama gari limetembea sana na hela ipo, fungua hedi ubadilishe tapeti na vishikio, ulale usingizi.

Linganisha alama za taimingi: nukta ya krenki iwe juu kabisa, ya kemshafti iwe chini kabisa, zinatazamana. Toa gia, toa bamba linaloshika kemshafti. Kaza bolti tatu ndefu za milimita 8 kwenye pua ya kemshafti ziwe mpini, kisha ivute polepole huku unaizungusha. Usiiache ininginie, maana nundu zina kingo kali na beringi zake ni laini. Mpya iogeshe oili kila mahali, iingize kwa upole uleule. Bolti za bamba zenye kichwa cha kawaida kaza nyutoni-mita 25, na zenye kichwa cha nyota 15.

Rudisha cheni, alama zitazamane, zungusha krenki kwa mkono duru mbili, angalia tena. Badilisha pete ya mpira ya bomba la oili ukiwa hapo. Ikikaa vibaya pampu inavuta hewa badala ya oili.

Puli sasa. Iingize kwa kifaa chake, kisha tumia bolti ya zamani kuikalisha kwa nyutoni-mita 330. Itoe. Weka mpya, kaza 50, halafu ongeza digrii 140. Wengi wanaikaza kwa bunduki ya upepo na kuondoka, na baadaye puli inaanza kuyumba.

Springi: sukuma upepo kupitia tundu la plagi ili valvu isianguke, au leta pistoni ya silinda hiyo juu kabisa. Kabla ya kubonyeza springi ziba kila tundu la kurudishia oili kwa kitambaa. Vile vipande viwili vidogo vinavyoifunga springi vinaruka kama panzi, na kikizama kwenye tundu la oili utakitafuta ndani ya sampu. Tumia sumaku, usitumie vidole.

Kukaza roka kuna utaratibu. Zungusha krenki hadi pistoni ya silinda ya 1 iwe juu kabisa na tapeti zake zote mbili ziwe zimeshuka, nundu hazizinyanyui. Hapo kaza roka za kutolea moshi za 1, 2, 7 na 8, na za kuingiza za 1, 3, 4 na 5. Zungusha krenki duru moja kamili. Kaza za kutolea za 3, 4, 5 na 6, na za kuingiza za 2, 6, 7 na 8. Zote nyutoni-mita 30.

Kompyuta

Usidanganyike kwamba itajizoesha. Ramani ya kiwandani inadhani ombwe likiwa kidogo dereva amekanyaga mafuta. Gari litawaka, litazima, litawaka tena, na taa ya cheki injini itawaka na namba P0300, ya silinda kutowaka, kwa sababu kompyuta inahisi krenki haizunguki sawa.

Programu zinazotumika sana ni HP Tuners na EFILive. Anayekufanyia aanze na sailensi: ipande kutoka kiwango cha kiwandani hadi 750 au 800, hewa ya sailensi iongezwe, jedwali la hewa lisahihishwe kwa kutumia sensa pana ya oksijeni, na sensa za kawaida zisiachwe kuamua mafuta gari likiwa limesimama, maana tumeona zinavyodanganyika. Kizingiti cha P0300 kipandishwe kidogo, kisizimwe. Siku silinda itakapoacha kuwaka kweli utataka kuambiwa. Mtu akikuomba akushushie sailensi hadi 550 ili isuesue zaidi, kataa. Shinikizo la oili linashuka, breki inakuwa ngumu, na alternata haitoi umeme wa kutosha kwa feni za eya kondishena ya Houston mwezi wa nane.

Kuwasha

Ondoa fyuzi ya pampu ya mafuta, zungusha injini kwa stata vipindi vifupi hadi geji ya oili ipande. Rudisha fyuzi, washa. Tapeti zitapiga kelele sekunde kadhaa, kisha zitanyamaza. Mafundi wa zamani watakuambia uishikilie kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika 20. Hiyo ilikuwa dawa ya tapeti bapa. Hizi zina magurudumu, hazihitaji.

Jaribu breki hapohapo, gari halijatoka uani: kanyaga mara tatu mfululizo ukiwa sailensi. Kanyagio likigeuka kuwa jiwe, busta inakosa ombwe, na hilo linashughulikiwa kabla ya kufunga trela.

Baada ya maili 500 mwaga oili. Chujio lipasue, nyoosha karatasi yake juani. Vumbi laini la rangi ya fedha ni la kawaida mara ya kwanza. Ukiona vijiti vyembamba vya chuma, kama nywele fupi zilizokatwa, hizo ni sindano za roka, na gari lisiende kazini kesho.